Hisa ya ng'ombe: mwongozo wa kupata maziwa mabichi kutoka banda unalolijua

Alfajiri ya Chake Chake, hapa Pemba, ina sauti zake: adhana, majogoo, halafu kengele ya baiskeli ya muuza maziwa. Kwa miaka nilikuwa natoka mlangoni na sufuria yangu, napimiwa lita moja na nusu, nalipa, narudi jikoni. Sikujua maziwa yale yametoka kwa ng'ombe gani, wala yamekamwa saa ngapi. Siku moja yana malai ya unene wa kidole. Siku ya pili ukiyachemsha yanabaki kama maji yaliyooshewa mchele. Si lazima muuzaji awe mwizi. Na yeye hukusanya mabanda manne matano, na mmoja akishatia maji katika dumu, yote yamekuwa mamoja.

Kwa hiyo nyumba kadhaa za mtaani tulichanga, tukanunua ng'ombe mmoja wa maziwa, tukamweka kwa mfugaji upande wa Vitongoji. Yeye anamtunza na kumkama kwa ujira, sisi tunachukua maziwa kwa zamu. Ng'ombe wa shirika, basi. Nimeulizwa mara nyingi tulifanyaje, na jibu la barazani halitoshi, ndiyo maana naandika.

Marekani nako wako watu wanaofanya hivi, lakini kwa sababu nyingine. Kule serikali kuu ilipiga marufuku mwaka 1987 kuuza maziwa mabichi kutoka jimbo moja kwenda jingine kwa ajili ya kunywa, na majimbo mengi yana vikwazo vyao vya ndani. Watu wakatafuta njia: unanunua sehemu ya ng'ombe, unamlipa mkulima gharama za kumtunza, na maziwa unayokunywa yanakuwa ya mnyama wako mwenyewe, hujauziwa na mtu. Kwetu maziwa mabichi yanapita barabarani kila siku na hakuna anayeyakimbia. Ukiingia kwenye hisa hapa, unachonunua hasa ni kujua: ng'ombe ni huyu, kala hiki, jana alidungwa sindano au hakudungwa. Mtu anayetaka bei rahisi tu aendelee na baiskeli. Nitaonyesha hesabu huko mbele.

Na jengine niliseme mapema, kwa sababu wako wanaodhani ukishamjua ng'ombe unaweza kunywa maziwa yake yakiwa mabichi. Hapana. Tunayapokea mabichi, tunayanywa yamechemka.

Kumpata mfugaji

Anza na mtu kabla ya mnyama. Ng'ombe mzuri kwa mfugaji mvivu atakauka, na ng'ombe wa kawaida kwa mfugaji makini atawalisha.

Usiende mara moja. Nenda mara tatu, na angalau mara moja ufike bila ya miadi, saa kumi na moja na nusu asubuhi, wakati anakama. Tizama sakafu ya banda: iwe ya saruji au ya udongo uliopigwa, yenye mteremko, mkojo na maji yasituame. Tizama ng'ombe alionao. Miguu ya nyuma na kiwele vikiwa vimegandamana na kinyesi kikavu cha siku nyingi, hayo ndiyo yatakayodondokea kwenye ndoo yako. Tizama maji. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 40 hadi 60 kwa siku, na joto likizidi hunywa zaidi. Mwenye bomba linalotoka siku moja moja na hana tangi atakuwa anachota kwa ndoo mpaka achoke, na ng'ombe mwenye kiu hatoi maziwa.

Halafu uliza majani. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kiasi cha kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Nani anayakata, na wapi? Baada ya masika kila mtu ana majani. Swali ni Januari na Februari, jua linapounguza. Mfugaji aliyepanda majani ya tembo, na akawa na miti ya malisho kama glirisidia au lukina kwenye mipaka ya shamba, huyo amefikiria kiangazi. Na kwa Pemba kuna swali jengine ambalo mgeni hawezi kulijua: msimu wa karafuu nani anabaki bandani? Karafuu zikiiva, kijana wa kukata majani anapanda mkarafuu, kwa sababu ndiko kwenye pesa, na humlaumu. Mfugaji wetu tulimuuliza, akajibu, "Mke wangu hapandi mikarafuu, na ng'ombe anamjua yeye kuliko mimi." Tulimchukua kwa jibu hilo.

Kabla hujatoa senti, pita ofisi ya mifugo ya wilaya ukaulize juu ya mfugaji huyo: anaita daktari mnyama anapoumwa, au anamaliza mwenyewe na chupa za dukani? Na mwambie sheha, kiongozi wa serikali mtaani, hata kwa salamu tu. Siku ya ugomvi ndiye atakayekaa katikati yenu.

Kumchagua ng'ombe

Ng'ombe wa kienyeji ni mvumilivu, hula chochote, lakini atakupa lita 1 hadi 3 kwa siku, na ndama anazitaka hizo hizo. Kwa watu wa hisa anafaa chotara, aliyechanganya damu ya kienyeji na ya Friesian, Jersey au Ayrshire. Huyo akitunzwa vizuri anaweza kutoa lita 6 hadi 10. Mimi napendelea chotara wa Jersey: mdogo wa mwili, anakula kidogo, maziwa yake yana mafuta, na joto la kwetu analistahamili kuliko Friesian. Wapo wenzangu wanaopenda ukubwa wa ndoo. Wapende.

Unguja ilikuwa na mbung'o, inzi anayewaambukiza ng'ombe maradhi, mpaka miaka ya 1990. Kuanzia 1994 madume ya mbung'o waliofanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 kikatangazwa kuwa kimesalimika. Pemba haikuwa na mbung'o. Kwa hiyo adui wa chotara katika visiwa vyote viwili leo ni kupe, na hasa kupe wa masikioni anayeleta ndigana kali. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kuumwa na kupe na akapona. Chotara anaanza kwa kuvimba matezi chini ya masikio, homa, kupumua kwa shida, na siku chache baadaye amekwenda. Muulize muuzaji kama mnyama alichanjwa ndigana, na uone karatasi. Mkimnunua Unguja au Bara akavushwa, awe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa idara ya mifugo. Bila ya hicho msimpakie.

Vipimo viwili havina mjadala, na vifanywe kabla ya pesa kutoka mkononi. Cha kwanza ni cha damu, kwa ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosisi. Cha pili ni cha kifua kikuu cha ng'ombe: daktari anadunga kidogo kwenye ngozi ya shingo na anarudi baada ya saa 72 kupima uvimbe. Muuzaji akikwambia hana siku tatu za kungoja, muage kwa wema. Rudia vipimo hivyo kila mwaka, kwa ng'ombe wote wa banda, si wenu peke yake, maana wanalambana na kunywea hori moja.

Siku ya kumtizama, mkame mwenyewe au mlete anayejua. Omba umuone akikamwa jioni na kesho yake asubuhi. Ujanja wa kumwacha ng'ombe siku nzima bila ya kumkama ili mnunuzi akione kiwele kimejaa ni wa zamani sana, Mtume (S.A.W.) aliukataza, na mnunuzi aliyedanganywa akapewa haki ya kumrudisha mnyama. Bado unafanywa. Shika kila chuchu: titi moja likiwa gumu kama embe bichi, au la moto, au linatoa madonge, hilo limeumwa au linaumwa.

Hesabu

Tarakimu hizi ni za mfano. Weka bei za kwenu mahali pake.

Tuseme ng'ombe ni shilingi 2,700,000 na mko hisa 9. Kila hisa ni 300,000, zinalipwa mara moja. Halafu kuna matunzo ya kila mwezi. Chakula cha kuongezea, yaani pumba na mashudu, hupewa kilo 1 kwa kila lita 2 hadi 3 anazotoa. Tuseme kilo 3 kwa siku, kilo 90 kwa mwezi, kwa shilingi 800 kilo, ni 72,000. Majani 60,000. Dawa ya kupe, ya minyoo na chumvi ya jiwe 20,000. Ujira wa mfugaji 100,000. Jumla 252,000, gawa kwa 9, kila hisa 28,000 kwa mwezi.

Sasa maziwa. Ng'ombe aliyezaa karibuni anatoa lita 9. Ndama wa kilo 30 anahitaji kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani lita 3. Zinabaki 6. Mkizigawa kila siku kwa nyumba 9, kila mmoja anapata vikombe viwili vitatu na mnachoshana kwa usafiri. Zamu ni bora: kila siku nyumba 3, lita 2 kila moja, na kila nyumba inarudi baada ya siku tatu. Kwa mwezi ni lita 20 kwa hisa. Gawa 28,000 kwa 20, lita imekugharimu 1,400. Mashaallah, unasema, rahisi!

Ngoja. Maziwa hupanda wiki chache za mwanzo halafu hushuka. Mwezi wa nane tangu azae mtakuwa mnagawana lita 3, ambazo ni 10 kwa mwezi kwa hisa, na lita hiyo hiyo sasa ni 2,800. Kisha anakaushwa siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike na ndama akue tumboni, na siku hizo hakuna hata tone, lakini anakula. Mkichukua siku 305 za kukama kwa wastani wa lita 4 na nusu zinazobaki kwenu, kila hisa inapata takriban lita 152 kwa mwaka. Matunzo ya mwaka ni 336,000. Lita moja inasimama kwenye 2,200, na bei ya ng'ombe mwenyewe bado hujaitia. Hapo ni ikiwa ameshika mimba kwa wakati. Ng'ombe hubeba mimba siku kama 283, kwa hiyo ili azae kila mwaka inabidi ashike ndani ya miezi mitatu baada ya kuzaa. Akichelewa miezi minne, mna miezi minne zaidi ya kulisha mnyama asiyetoa.

Watu wengi hukimbia shirika katika ukame huu wa kwanza, kwa sababu aliyewaingiza aliwaonyesha ile hesabu ya lita kwa shilingi 1,400 tu. Sisi tulipoteza wawili. Siku hizi anayetaka kuingia namwambia: leta pesa za miezi miwili ya ukame kabla, ziwekwe pembeni. Asiyekuwa nazo asiingie.

Karatasi

Hata mkiwa ndugu. Hasa mkiwa ndugu.

Karatasi moja ya pande mbili inatosha, mashahidi wawili, nakala kwa kila mwenye hisa, moja kwa mfugaji. Kilicho muhimu ni kuandika kwamba mnamiliki mnyama, na kwamba mfugaji analipwa ujira wa kazi. Msiandike kwamba mnanunua lita kadhaa za maziwa kila mwezi kutoka kwa ng'ombe huyo. Katika fiqhi ya Kishafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kuuza maziwa yaliyomo kiweleni hakusihi, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani. Lakini mwenye mali kuchukua zao la mali yake hana mushkeli. Vile vile ujira wa mfugaji uwe pesa inayojulikana. Mkimwambia atalipwa kwa maziwa peke yake, leo lita mbili kesho nusu, ujira wenyewe haujulikani. Mkitaka kumpa maziwa ya watoto wake juu ya ujira, na mnapaswa kutaka, yawe ni ukarimu wa wenye mali. Msomeeni sheikh wa mtaa karatasi hiyo kabla ya kutia saini. Ya kwetu alitukatia sentensi mbili.

Andikeni ng'ombe akifa inakuwaje. Kanuni inayokubalika ni kwamba mnyama ni amana mikononi mwa mfugaji: akifa bila ya uzembe wake, hasara ni ya wenye hisa kila mtu kwa fungu lake, na mfugaji amepoteza kazi yake. Akifa kwa uzembe, analipa. Basi uzembe uelezeni kwa maneno ya wazi, mfano: hakupulizia dawa ya kupe kwa wiki mbili, au mnyama aliumwa na hakupiga simu siku ile ile.

Ndama ni wa wenye hisa wote. Jike likuzwe awe mtamba wa kumrithi mama yake. Dume liuzwe. Mmoja wetu alipendekeza dume tumlishe mpaka atimize miaka miwili tumchinje Iddi ya kuchinja. Tukahesabu, ng'ombe wa udhhiya huingia watu 7, sisi 9. Mjadala ule ulichukua barazani muda mrefu kuliko ununuzi wa ng'ombe wenyewe. Andikeni: dume linauzwa.

Anayetoka awape wenzake nafasi ya kwanza ya kununua hisa yake, kwa bei ya mnyama wa siku hiyo. Anayefariki, hisa yake ni mirathi kama mali nyengine, na warithi wataamua kubaki au kuuza.

Daftari la banda

Daftari la skuli, kalamu imefungwa kwa uzi, linaning'inia bandani. Safu zake: tarehe, lita za asubuhi, lita za jioni, nani kachukua, chakula kilicholetwa, dawa iliyotolewa, siku aliyotaka dume na siku aliyopandishwa. Kama mnatumia uhimilishaji, yaani mbegu za dume zinazotiwa kwa mrija, andika pia jina la dume lililoandikwa kwenye mrija, msije mkampandisha binti kwa baba yake miaka miwili baadaye.

Safu ya dawa ndiyo inayolipa daftari lote. Ng'ombe akitibiwa kwa antibayotiki, dawa inatoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa, na kuchemsha hakuiondoi. Lebo ya chupa inasema siku ngapi za kumwaga. Mara nyingi ni tatu na kuendelea, hutegemea dawa. Siku hizo maziwa yanamwagwa, na zamu inasogea mbele kwa wote, asipotee mmoja peke yake. Mfugaji anayejua kwamba siku za kumwaga hazimkati ujira hatakuwa na sababu ya kuficha sindano. Hii ndiyo faida kubwa ya hisa kuliko baiskeli, kwa rai yangu: muuzaji anayemwaga maziwa anamwaga pesa za sukari ya nyumbani kwake.

Na pumba. Pumba au mashudu yaliyoota ukungu, hasa wakati wa masika magunia yanapokaa chini, yana sumukuvu, na sumu hiyo nayo hupita kwenye maziwa na haifi kwa moto. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Likinuka uvundo, lisiliwe na mnyama yeyote, kuku nao wamo.

Asubuhi ya kukama

Ukiwa na hisa, nenda ukae pembeni uangalie, mara moja kwa mwezi angalau. Utaratibu ni huu. Ng'ombe anafungwa mahali pakavu, chakula cha majani ya vumbi hakimwagwi wakati huo. Mkamaji ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kiwele kinafutwa kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, kisha kinakaushwa. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye kiwele ni uchafu wote wa usiku unaoelekea ndooni. Michirizi mitatu ya mwanzo ya kila chuchu inakamwa kwenye kikombe cheusi. Weusi ni wa makusudi: madonge meupe, nyuzi au damu huonekana mara moja, na hizo ni dalili za ugonjwa wa kiwele. Titi lenye dalili linakamwa mwisho na maziwa yake yanamwagwa, daktari anaitwa.

Ndoo iwe ya bati lisiloshika kutu au ya aluminiamu. Dumu la plastiki lililokuwa na mafuta ya kula halisafishiki, hata ukiliosha kwa mchanga na majivu mpaka kesho. Harufu inatoka, vijidudu vinabaki kwenye mikwaruzo. Maziwa yachujwe kwa kitambaa cheupe cha marikani kinachochemshwa kila siku na kuanikwa juani. Kitambaa kile kile cha juzi kilichokunjwa kwenye dirisha ni kibaya kuliko kutochuja. Na dawa ya kupe ipulizwe baada ya kukama, kamwe isiwe kabla.

Siku za mwanzo baada ya kuzaa hayo si maziwa, ni dang'a: ya manjano, mazito, yakichemshwa yanaganda. Ni ya ndama. Anatakiwa ayanyonye ndani ya saa chache za mwanzo, vinginevyo hana kinga. Zamu za binadamu zianze siku ya tano au ya sita. Najua wazee wanaipenda dang'a iliyopikwa kwa sukari, na bibi yangu alikuwa mmoja wao. Ndama akishashiba, kikombe kimoja cha mzee hakimuui.

Njiani na jikoni

Kwenye joto letu vijidudu vinaongezeka maradufu kwa dakika 20 hivi, kwa hiyo saa ndiyo adui. Kutoka kiweleni hadi jikoni yasizidi saa mbili. Kopo la kifuniko, limefunikwa kitambaa kibichi, kivulini. Si juu ya bodi ya daladala. Kama mpelekaji wenu ni bodaboda, mlipeni aanze na maziwa kabla hajabeba abiria.

Yakifika, pima. Laktomita ni kijiti cha kioo kinachoelea, na ni cha bei ndogo kwa watu tisa. Maziwa ya ng'ombe yakiwa kwenye nyuzi 20 husoma baina ya 28 na 32. Yaliyotiwa maji hushuka chini ya hapo. Usipime yakiwa na joto la ng'ombe, utamsingizia mtu. Mfugaji wetu tulimpa laktomita yake mwenyewe, apime mbele ya anayechukua, ili lawama ikitokea ijulikane ni ya njiani.

Kuchemsha: sufuria pana, moto wa wastani, koroga mpaka chini. Maziwa hufura kabla hayajachemka kweli, na hapo ndipo watu huyatoa. Yapunguzie moto, yakoroge yashuke, yaache yafure tena, mara tatu, ukiona mapovu makubwa yanapasuka katikati. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuua vijidudu vya hatari, au nyuzi 63 kwa nusu saa mfululizo. Jikoni kwa kuni au gesi, mchemko kamili ndio usio na wasiwasi. Yakikatika kwenye moto, yalikuwa yameshachachuka kabla hayajafika: andika tarehe kwenye daftari, uulize yalichelewa wapi. Kisha weka sufuria ndani ya beseni la maji, badilisha maji mara mbili, yapoe haraka, ndipo uyatie frijini. Umeme ukikatika usiku, yachemshe tena asubuhi kabla ya kuyafikiria.

Mtindi nao. Kwa desturi maziwa mabichi huachwa kwenye kibuyu yagande yenyewe. Ladha yake siikatai, lakini uchachu hauui vijidudu vyote. Bruselosisi huweza kuishi humo. Chemsha kwanza, yaache yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika, yaache usiku. Ladha ni ile ile, au mimi nimezeeka.

Mjamzito asionje mabichi hata kwa kidole. Mtoto wa chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu, na kabla hajatimiza mwaka maziwa ya ng'ombe yasiwe ndiyo kinywaji chake kikuu, yawe kwenye uji. Na mtu yeyote wa nyumba zenu, au wa nyumba ya mfugaji, akipata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, amwambie daktari kwa mdomo wake: nashughulika na ng'ombe, nakunywa maziwa. Bruselosisi inatibika, lakini dawa zake ni za wiki sita, na asiyeulizwa juu ya ng'ombe huweza kumeza vidonge vya kila namna kwa miezi.

Yatakayowagombanisha

Ramadhani. Kila mtu anataka ya uji, ya tambi, ya chai ya daku, na ng'ombe hajui mwandamo wa mwezi. Zamu isibadilishwe. Anayetaka zaidi abadilishane na mwenzake, wao wawili, bila ya kumpigia simu mfugaji.

Anayechelewa kulipa matunzo. Sisi tuna siku saba, baada ya hapo zamu yake inauzwa kwa jirani na pesa zinaingia kwenye mfuko wa chakula. Hatumfukuzi, kwa kuwa ng'ombe ni wake pia.

Anayeenda bandani kutoa amri. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na mfugaji, abadilishwe kila mwaka. Mabosi tisa kwa mtu mmoja na ng'ombe mmoja ni dhulma.

Ng'ombe akitupa mimba, hasa miezi ya mwisho, ulevi wote wa hesabu unasimama. Mtu asishike kilichotoka kwa mikono mitupu. Kizikwe kwa kina au kichomwe, mbwa wasifike. Maziwa ya banda zima yachemshwe kwa uangalifu maradufu na yasigandishwe mtindi mpaka daktari achukue damu na majibu yarudi. Akionekana ana bruselosisi, atoke kwenye banda, hata kama ndiye anayejaza ndoo. Jambo hili liamueni mapema, mkiwa na akili tulivu, na liandikwe kwenye ile karatasi.

Akizaa salama, mfugaji anapiga simu, mnahesabu siku tano za dang'a, mnafungua ukurasa mpya wa daftari, na zamu inaanza kwa nyumba ambayo ukame uliopita uliikuta haijapata yake.